Kidole Gumba cha John Hurt

Filamu zinazomwonyesha Mississippi John Hurt akipiga gitaa ni za miaka ya 1960, akiwa mzee tayari. Anayetaka kujifunza bluzi kwake hauangalii kwanza mkono wa kushoto, ingawa ndio unaohangaika juu ya shingo ya gitaa. Huangalia wa kulia. Kidole cha pete na cha mwisho vimetua juu ya ubao, havina kazi nyingine. Cha shahada na cha kati vinadonoa nyuzi nyembamba. Gumba limepewa nyuzi nene, nalo halipumziki.

Hurt alikuwa mkulima wa Avalon, kijiji cha jimbo la Mississippi. Mwaka 1928 kampuni ya Okeh ilimrekodi Memphis, kisha New York. Santuri hazikuuzika sana, akarudi shambani. Mwaka 1963 mpenzi wa bluzi Tom Hoskins alimfuata hadi kwake, akiongozwa na jina la kijiji lililotajwa katika wimbo wa Hurt "Avalon Blues". Ukisikiliza rekodi za 1928, kisha zile alizozifanya baada ya miaka 35 ya jembe, utakuta gumba linatembea mwendo ule ule.

Basi mwanafunzi naye huanza na gumba peke yake. Analinganisha nyuzi, anashika kodi (chord) ya C: kidole cha pete kwenye freti ya tatu ya uzi wa tano, cha kati kwenye freti ya pili ya uzi wa nne, cha shahada kwenye freti ya kwanza ya uzi wa pili. Gumba la kulia linapiga uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne. Wimbo haupo bado. Kuna mapigo manne tu yanayojirudia, na sikio linakagua: uzi wa nne ukipigwa kwa nguvu kupita wa tano, mwendo unachechemea. Wengi huona hatua hii ni ya kupita tu. Mimi naiona ndiyo kazi yenyewe, na namheshimu sana anayekaa hapo jioni baada ya jioni, bila wimbo wowote wa kumwonyesha mgeni.

Gumba likishatulia, kidole cha shahada kinaongezwa. Kwanza kinadonoa pamoja nalo, sauti ya juu na ya chini kwa wakati mmoja. Hilo halisumbui sana. Ugumu uko kwenye kudonoa katikati ya mapigo mawili, maana gumba hutaka kukingoja kidole, au hukimbia nacho. Dawa ni kupunguza kasi, kisha kuipunguza tena, mpaka kila sauti ionekane ikija kutoka mbali.

Msikilizaji wa Kiswahili huenda akahisi amewahi kuusikia mpangilio huu. Mpiga gitaa wa Kongo Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, aliupiga wimbo wa "Masanga" kwa gumba na kidole cha shahada, besi ikitembea chini na sauti nyembamba zikicheza juu. Sisemi mmoja alimfunza mwingine. Nasema sikio lililomzoea Mwenda haliingii kwa Hurt kama geni.

Ndipo mkono wa kushoto unapopata kazi. Kidole cha mwisho kinanyooka hadi freti ya tatu ya uzi wa kwanza kuichukua noti ya wimbo, na vingine visisogee. Kwenye kodi ya F, gumba la kushoto linapanda juu ya shingo na kuukandamiza uzi wa sita.

Kuimba huja mwisho. Hurt aliweza kuuacha mstari nusu, gitaa likaumalizia, kisha sauti yake ikarudi bila haraka. Kabla ya kulijaribu hilo, mwanafunzi na aulizwe jambo lolote huku akipiga: ametoka wapi, amekula nini. Akijibu sentensi nzima na gumba lisikose hata pigo moja, aanze ubeti wa kwanza.