Pongezi kwa Wafumaji wa Njombe

Mwezi Juni ukiingia, Njombe na Makete huamkia ukungu, na mabondeni umande huweza kuganda. Hapo ndipo thamani ya mfumaji huonekana. Kwa sindano mbili hufuma sweta la mwanafunzi: ukingo wa chini hupokezana vitanzi vya mbele na vya nyuma, uvutike na kubana kiuno, mikono huachiwa urefu wa kukunja, mtoto akue nalo. Kwa sindano moja ya kroshia hutoka kofia na soksi za kichanga, zawadi ya mzazi aliyejifungua wakati wa baridi. Sweta likichakaa hufumuliwa, uzi ukafumwa upya. Hongereni, mafundi! Anayetaka mpunguze bei ahesabu kwanza vitanzi vya mkono mmoja.