Taa Inayosema Kweli Chini ya Maji

Anayezamia na ribriza hatoi mapovu. Pumzi yake huzunguka: chokaa ya soda hunasa hewa ukaa, vali huongeza oksijeni, naye huivuta tena. Hatari iko papo hapo, maana kinachotufanya tutwete ni hewa ukaa, si upungufu wa oksijeni. Hewa ukaa ikishanaswa, shinikizo la oksijeni laweza kushuka chini ya baa 0.16 na mzamiaji akazimia bila kuhisi kubanwa kifua. Likipita 1.6, degedege laweza kumshika. Kwa hiyo kionyeshi kidogo cha shinikizo hilo kinachokaa sentimita chache mbele ya jicho si pambo.

Nikikichagua, mimi huanza kwa kuuliza: kikizimika, kinasema nini? Mtambo wa Mk 16 wa Jeshi la Wanamaji la Marekani ulilijibu swali hili vizuri. Kijani kisichokatika, oksijeni iko sawa. Nyekundu inayokonyeza, imepungua. Giza, mtambo una hitilafu. Kionyeshi kinachowaka pale tu mambo yanapoharibika sikichukui hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu betri ikifa kinaonekana vilevile kama siku ambayo kila kitu ni shwari.

Kisha natazama vihisi vya oksijeni. Mitambo mingi ina vitatu, navyo huzeeka: kihisi kilichochoka husoma vizuri hewani, lakini hukwama oksijeni inapopanda. Kionyeshi kinachotoa wastani mmoja kinakuficha ugomvi wao. Ndiyo maana naupenda mpangilio wa Smithers, unaompa kila kihisi taa yake. Chungwa mara moja ni baa 1.0, kila mkonyezo wa kijani unaongeza 0.1, kila mwekundu unapunguza 0.1. Kijani mara tatu basi ni 1.3, kiwango ambacho wengi huzamia nacho. Siku za mwanzo utahesabu kwa kujikaza. Ukishauzoea, jicho linaujua mdundo kama sikio linavyoijua ngoma ya kwao, na kihisi kimoja kikienda kombo unashtuka kabla hujahesabu.

Lakini nyekundu mara tatu ni 0.7. Kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani, na wanaume wa namna hiyo si wachache, mikonyezo ileile mitatu ina maana mbili zilizo mbali mno. Huyo asiuguse mpangilio huo; atafute kionyeshi chenye tarakimu, au kinachotenganisha oksijeni ya juu na ya chini kwa mahali taa ilipo.

Tarakimu nazo zina masharti. Jicho la mtu aliyevuka miaka arobaini halisomi kitu kilicho karibu hivyo bila lenzi nzuri, na kilindini, naitrojeni inapolevya, mtu aweza kuiona namba asielewe inamwambia nini. Mtetemo mdomoni ni msaada mzuri kwa aliyezubaa, mradi uje juu ya taa, usije badala yake.

Dukani vaa barakoa yako mwenyewe, uma kipande cha mdomoni, taa za chumba zizimwe. Geuza kichwa kushoto na kulia uone kama kionyeshi kinabaki machoni. Halafu mwombe muuzaji achomoe betri bila kukuambia, uone itakuchukua muda gani kugundua.