Mtoto, Kuku na Mnada: Haki Inavyopangwa Katika Maonyesho ya Vijana Marekani

Maonyesho ya mifugo ya vijana nchini Marekani hufanyika kila mwaka katika kaunti nyingi, na katika baadhi ya majimbo washindi husonga mbele hadi mashindano ya jimbo zima. Washiriki wengi wanatoka katika vyama viwili. Cha kwanza ni 4-H, ambacho mizizi yake ni klabu ya watoto iliyoanza Ohio mwaka 1902. Cha pili ni FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo kilichoundwa Kansas City mwaka 1928. Kenya ina ndugu wa 4-H mashuleni, klabu za 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilizozinduliwa upya mwaka 2021. Kwenye maonyesho ya Marekani, mtoto hununua vifaranga, huwalea, huandika gharama zake kwenye daftari, huwapeleka mbele ya jaji, kisha huwauza mnadani. Wazazi wengi huona mambo hayo mawili ya mwisho kama kitu kimoja. Ukweli ni kwamba jaji humpima ndege, ilhali bei ya mnadani hutegemea sana nani anamfahamu mtoto. Sehemu ya kwanza imewekewa kanuni imara kwa miaka mingi. Ya pili bado ina mianya, na ndiyo yenye fedha.

Kwa kuku wa nyama, ushindani huanza kulindwa siku kifaranga anapototolewa. Kwenye maonyesho makubwa ya Texas familia hainunui vifaranga popote ipendapo. Maombi hupitia ofisi ya ugani ya kaunti, vifaranga hutoka kwenye kituo cha kutotolesha kilichoteuliwa, na kila mmoja hufungwa kwenye bawa bamba dogo la chuma lenye namba. Namba hizo huandikwa kwa jina la mshiriki. Siku ya maonyesho, kuku asiye na bamba, au mwenye namba isiyomo kwenye orodha, hapokelewi. Kwa njia hiyo hakuna anayeweza kununua kuku aliyekwisha kunona kwa mfugaji mzoefu na kumleta kama wake. Wote huanza na mbegu moja na umri mmoja, na tofauti inayobaki ni ya matunzo: joto la banda, maji safi, chakula, na usingizi aliopoteza mtoto wakati wa baridi.

Hata hivyo bamba halizuii faida ya wingi. Mshiriki huonyesha kundi dogo, kwa kawaida kuku 3, lakini huwachagua kutoka kwa wote aliowalea. Mwenye vifaranga 200 atapata watatu bora kuliko mwenye 50, hata kama matunzo ni sawasawa kabisa, kwa sababu tu ana wengi wa kuchagua. Tuseme uzito wa kuku wa rika moja hutofautiana kwa mkengeuko wa kawaida wa gramu 200. Watatu bora wa banda kubwa watawazidi watatu bora wa banda dogo kwa takriban gramu 100 kila mmoja. Pengo hilo linatosha kubadilisha nafasi mezani, na limenunuliwa kwa fedha, halikutokana na bidii. Dawa yake ni rahisi: kikomo cha vifaranga kwa kila mshiriki, kinachokaguliwa kwa namba zile zile za bawani. Maonyesho yasiyo na kikomo hicho yanapima ukubwa wa banda la mzazi.

Uamuzi wenyewe ni kazi ya mikono kuliko macho. Jaji humshika kuku kwa chini, kidari kikiwa kiganjani, na kupitisha vidole kando ya mfupa wa kidari. Anatafuta nyama iliyojaa toka mbele hadi nyuma, mfupa ulionyooka, mapaja manene, na ngozi isiyo na michubuko wala malengelenge. Malengelenge ya kidarini hutokea kuku mzito anapolala muda mrefu kwenye matandazo magumu au yenye unyevu, hivyo jaji anapoyagusa anasoma historia ya banda bila kuuliza. Baada ya hapo huangalia ulinganifu. Kuku wawili wazuri sana wakiwa na wa tatu mwembamba hushindwa na watatu wa wastani wanaofanana, na hili ndilo linalowauma watoto wengi wasioelezwa mapema. Majaji wazuri hushika kipaza sauti na kueleza sababu za kila nafasi mbele ya wote. Maelezo hayo yana thamani kuliko utepe, kwa kuwa mtoto aliyeshindwa huondoka akijua cha kurekebisha.

Kwa kuku wa mbegu halisi kipimo kipo kitabuni. Chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani, American Poultry Association, kiliundwa mwaka 1873 na mwaka uliofuata kikatoa viwango vyake vya mbegu, ambavyo vinatumika hadi leo baada ya matoleo mengi. Leghorn mwenye upanga mmoja anatakiwa awe na meno 5 kwenye upanga na ndewe nyeupe. Rhode Island Red anatakiwa awe na ndewe nyekundu. Kichipukizi pembeni mwa upanga kinamtoa ndege mashindanoni moja kwa moja. Kadi ya kizimba hukunjwa ili jina la mwenye kuku lisionekane, na waandaaji makini humwalika jaji kutoka kaunti nyingine. Mtoto wa mwenyekiti wa maonyesho na mtoto wa kibarua wanakuwa namba tu.

Swali gumu zaidi ni kama watoto washindanishwe kwa nafasi hata kidogo. Maonyesho mengi ya 4-H hutumia mtindo unaoitwa wa Denmark. Kila ndege hupimwa dhidi ya kiwango, na wote wanaokifikia hupata utepe wa buluu, hata wakiwa kumi. Walio chini yao hupata mwekundu au mweupe. Watoto wa miaka 5 hadi 7 huonyesha bila kushindana. Kwa wakubwa lipo pia shindano la ustadi, ambapo mtoto hukunjua bawa la kuku wake, huonyesha anavyokagua utitiri chini ya manyoya, na hujibu maswali ya magonjwa na lishe. Hapo kuku wa bei nafuu hamwangushi mwenye maarifa. Ndicho kipengele chenye haki kuliko vyote, na kinastahili zawadi kubwa kuliko inayopewa. Mwaka 2015 mafua ya ndege yalipofanya Iowa na Minnesota zipige marufuku maonyesho ya ndege hai, elimu hiyo ndiyo iliyobaki kushindanishwa, bila kuku.

Udanganyifu umejitokeza zaidi kwa wanyama wakubwa, ambako bei inashawishi. Maonyesho ya jimbo la Ohio ya mwaka 1994 yalitikiswa na kashfa ya mifugo ya ubingwa iliyochezewa, ikiwemo kupewa klenbuterol, dawa ya kujaza misuli isiyoruhusiwa Marekani kwa mifugo ya chakula. Ohio ikatunga kanuni kali: fomu ya kutaja kila dawa aliyopewa mnyama, mafunzo ya lazima kwa vijana kuhusu ubora wa chakula, na vipimo vya maabara kwa mabingwa. Kwa kuku hatari ni ya kawaida zaidi. Chakula chenye dawa kikiendelea kutolewa hadi siku za mwisho, masalia hubaki kwenye nyama, na mtoto anaweza kuvunja sheria bila kukusudia kwa kuwa hakusoma lebo ya mfuko.

Mnadani mambo hubadilika. Kuku watatu ambao dukani wasingefika dola 50 huuzwa kwa mamia ya dola. Mnunuzi ni benki, duka la pembejeo, muuza magari, au babu wa mtoto. Analipa ili kumuunga mkono kijana na kujitangaza. Mara nyingi anaruhusiwa kulipa ziada tu juu ya bei ya soko, huku mnyama akienda machinjioni kwa bei ya kawaida. Mabingwa hupanda kwanza, wanunuzi wakiwa na fedha na shauku. Anayepanda saa ya mwisho hukuta viti vitupu. Zaidi ya hapo, mtoto ambaye mama yake ana kampuni huandikia barua wateja wa mama. Mtoto wa mfanyakazi wa shambani hana wa kumwandikia. Kuku wa kundi moja la utepe, waliokaribiana uzito, wanaweza kutofautiana bei mara kadhaa kwa sababu hiyo peke yake.

Waandaaji wamejaribu njia kadhaa. Mpangilio wa kupanda jukwaani unaweza kupigiwa kura baada ya mabingwa. Mtoto mmoja anauza mnyama mmoja tu. Wafanyabiashara huchanga kwenye mfuko wa pamoja, na kamati hupandisha dau kwa kila kijana ambaye bei yake inakwama chini ya kiwango kilichokubaliwa. Njia hii ya mfuko ndiyo inayofika kwa mtoto asiyejulikana na mtu, mradi kiwango kitangazwe kabla. Maonyesho ya Houston, Texas, hutumia kikomo cha juu. Mwaka 2022 maksai bingwa aliuzwa kwa dola 1,000,000, lakini mwonyeshaji hupokea kiasi kilichotangazwa mapema, na kinachozidi huingia kwenye mfuko wa elimu unaosomesha wengine.

Kilichobaki ni mkataba. Minada mingi huwa ya mwisho, maana yake mnyama akishapanda lazima achinjwe. Mwaka 2022, katika maonyesho ya wilaya ya Shasta, California, msichana wa miaka 9 alibadili nia kuhusu mbuzi wake aliyeuzwa dola 902. Familia ilimwondoa na kuahidi kulipa, na fungu la maonyesho lilikuwa dola 63.14 tu, yaani asilimia 7. Waandaaji walikataa, maafisa wa polisi wa kaunti wakasafiri hadi kaunti ya Sonoma kumchukua mbuzi, akachinjwa. Mwaka 2024 kaunti ya Shasta ilikubali kulipa dola 300,000 kumaliza madai dhidi yake. Kanuni ya mnada wa mwisho ina sababu zake, zikiwemo kuzuia mnyama mmoja kuuzwa mara mbili na kuzuia magonjwa kusambaa. Lakini mtoto wa miaka 9 huielewa anapoelezwa kwa maneno yake siku ya kujiandikisha, mzazi akiwa kando, na fomu ikitaja wazi siku ya mwisho ya kujitoa bila adhabu. Fomu hiyo ikisainiwa siku ya mnada, imechelewa.