Jiwe Lenye Moto: Mjusi Chui Anavyowekwa Hai Dodoma

Mtu anayefuga mjusi chui kwa mara ya kwanza huuliza anakula nini. Angeanza na swali jingine: atalaza tumbo juu ya nini, na hapo pana joto la nyuzi ngapi? Mtambaazi hatengenezi joto lake mwenyewe. Panzi akimezwa na mjusi aliyepoa hameng'enywi, huoza tumboni. Magonjwa mengi ambayo watu huyaita ya chakula huanzia hapo.

Asili ya mjusi chui ni vilima vya mawe na nyika kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Hafanani na mjusi kafiri wa ukutani. Vidole vyake havinati, macho yake yana kope zinazofumba, na mafuta yake huyaweka mkiani. Mchana hujificha chini ya mawe, hutoka giza linapoingia, wakati jiwe lililochomwa na jua kutwa nzima bado lina moto. Wakazi wa Dodoma tunalijua joto hilo. Panda kwenye miamba yoyote inayozunguka mji wetu mwezi wa Oktoba, jua likishazama, uweke kiganja juu ya jiwe. Kazi ya mfugaji ni kulileta jiwe hilo ndani ya sanduku.

Hufanywa hivi. Tafuta sanduku la kioo au mbao lenye urefu wa sentimeta 90 hivi na upana wa 45, lenye mfuniko unaopitisha hewa. Upande mmoja pekee tandika chini mkeka wa umeme wa kupasha joto, na juu yake bapa la jiwe au kigae kinene. Uso wa jiwe uwe na nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili ubaki na 24 hadi 26. Mjusi atahama mwenyewe kutafuta anachohitaji, ndiyo maana kila upande unadai pango lake la kujifichia. Mkeka uongozwe na themostati, na sensa yake ilale pale pale tumbo linapogusa, isining'inizwe hewani. Watu hukwepa themostati kwa sababu ya bei. Mimi naona ni afadhali kuahirisha kumnunua mjusi kuliko kumweka bila kifaa hicho, kwa kuwa mkeka usio na kidhibiti unaweza kupita nyuzi 40 na kumbabua tumbo huku yeye ametulia tu.

Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Ndani ya nyumba mjusi mwenye afya huvumilia usiku wa nyuzi 18 hadi 20, mradi asubuhi jiwe lipate moto tena. Oktoba na Novemba tatizo hugeuka, kwani chini ya bati upande wa baridi hutoweka kabisa. Hapo sanduku lishushwe sakafuni, mbali na dirisha. Kamwe usilianike juani: kioo kilichofungwa hugeuka tanuri kwa dakika chache.

Umeme ukikatika, bapa nene litashikilia joto kwa muda. Umeme ukichelewa kurudi, zungushia sanduku chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, ulifunike kwa blanketi bila kuziba hewa. Na usimlishe mpaka jiwe lipate moto.

Sasa chakula. Panzi, nyenje na mende wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, wakati mjusi anahitaji kinyume chake, karibu sehemu mbili za kalsiamu kwa moja ya fosforasi. Asipoipata, mwili huichota mifupani: taya linalegea, miguu inapinda, mjusi anatetemeka. Kwa hiyo wadudu hutikiswa ndani ya mfuko wenye unga wa kalsiamu kabla ya kutolewa. Hapa tahadhari. Duka la pembejeo litakupa DCP (fosfeti ya kalsiamu) ya kuku, ambayo nayo ina fosforasi, kwa hiyo haisawazishi kitu. Chokaa ya kupakia ukuta huunguza mdomo. Kinachotakiwa ni kaboneti ya kalsiamu safi. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa laini kabisa, ni hiyo hiyo. Vitamini D3 huongezwa kwa kiasi kidogo, maana ikizidi hudhuru. Wale funza wa nzi askari weusi wanaozalishwa kwa ajili ya kuku wana kalsiamu nyingi kwa asili yao, nami nawapenda kwa sababu hiyo, ila walelewe kwenye mabaki safi ya mboga, si jalalani. Mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi, wala asitoke shamba lililopuliziwa dawa. Mjusi mdogo hula kila siku, mkubwa mara mbili au tatu kwa wiki.

Kwamba mambo madogo namna hii huamua uhai, Tanzania tumejifunza kwa chura wa Kihansi. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani baada ya maji ya korongo lao kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Walikufa hadi wakabaki chini ya 100, kabla ya bustani za wanyama za Bronx na Toledo kupata namna ya kuwatunza. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walionusurika waliokolewa na subira ya watu waliopima kila kitu.

Kiangazi chetu ni kikavu mno kwa mjusi kujivua ngozi. Weka pango la tatu lenye kitambaa chenye unyevu. Ngozi iliyobaki vidoleni hukaza na kuvikata. Sakafuni mwa sanduku weka vigae au karatasi, si mchanga.

Mnunue aliyezaliwa kwa mfugaji, mwenye vibali. Kukamata mijusi wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na biashara hiyo ndiyo iliyomfikisha mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, kwenye orodha ya juu ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, mwaka 2017.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni iliyotengwa kwa kazi hiyo, uandike, kisha unawe mikono kwa sabuni. Mkia ukianza kukonda ilhali anakula, usibadilishe chakula kwa kubahatisha. Chukua kinyesi cha siku hiyo hiyo kwenye kichupa safi, umpelekee daktari wa mifugo akitazame kwa hadubini.