Mzaha Uliofanyiwa Mazoezi

Anayeisikia albamu ya Roxy & Elsewhere kwa mara ya kwanza hudhani amewakuta wahuni wakijichekesha. Asikilize tena, na safari hii amfuate Ruth Underwood peke yake.

Ruth, aliyesomea muziki Juilliard, ndiye aliyekuwa nyuma ya marimba Frank Zappa na bendi yake ya Mothers waliporekodi sehemu kubwa ya albamu hii jukwaani, katika ukumbi wa Roxy, Los Angeles, Desemba 1973. Kwenye "Echidna's Arf (Of You)" magongo yake yanakimbiza noti ambazo hesabu yake hubadilika kabla sikio halijaizoea. Tromboni ya Bruce Fowler imo humo humo, na wapiga drams ni wawili, Ralph Humphrey na Chester Thompson, wala hakuna anayemkanyaga mwenzake. Jaribu kutikisa kichwa kufuata mapigo. Utapotea wewe, si wao.

Ustadi huo ndio unaoubeba mzaha. "Cheepnis" inazitania filamu za mazimwi zilizotengenezwa kwa pesa ya mboga. Zappa anaanza kwa kuwasimulia watu, taratibu kabisa, kwamba filamu hizo kadiri zinavyokuwa za ovyo ndivyo anavyozipenda. Kisha bendi inaingia, na hapo hakuna cha ovyo hata chembe. Utani kama huu ukichelewa nusu pigo, umeharibika. Kwenye "Be-Bop Tango" mpiga kinanda George Duke anaropoka noti kwa mdomo, kasi ya ajabu, na watazamaji walioitwa jukwaani wanatakiwa wacheze kila noti, si mdundo. Maskini!

Siasa nayo imo. "Son of Orange County" inamsuta Rais Nixon wa Marekani, aliyekuwa amebanwa na kashfa ya Watergate. Albamu ilipotoka Septemba 1974, alikuwa ameshajiuzulu. Inafuata "More Trouble Every Day", wimbo uliotokana na ghasia za mtaa wa Watts, Los Angeles, za mwaka 1965, sasa ukipigwa polepole, mzito zaidi.

Wapo wanaonung'unika kwamba vipande vingine viliongezwa studio. Jalada lenyewe lilisema hivyo, na mimi sioni ubaya.

Ukiipata, anza na upande wa pili wa santuri ya kwanza. Nyimbo tatu zinaunganishwa bila kituo. Ongeza sauti.