Mwezi Usiotazamwa

Mshairi wa mwambao akitaka kusifu uso, huenda mwezini. Ndivyo walivyofanya wakale, na ndivyo wafanyavyo vijana wanaoghani barazani na wanaopelekeana tungo kwa simu. Hilo si la kulaumiwa. Watu waliowaita wana wao Hilali, Badria na Kamaria wana haki ya kuendelea kuinua macho juu. La kulaumiwa ni kwamba mwezi wa tungo nyingi za sasa haukutazamwa. Umenakiliwa kutoka shairi jingine, nalo lilinakili kutoka jingine, hata mwezi ukapoteza saa zake.

Na saa unazo. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapotua, hufika juu kabisa usiku wa manane, ukazama alfajiri. Kila usiku unaofuata huchelewa kuchomoza kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi mwandamo haukai hata kidogo: huonekana upande wa machweo baada ya sala ya magharibi, kisha ukamfuata jua upesi. Basi yule mpenzi wa mashairi anayekesha usiku wa manane chini ya hilali changa, amekesha chini ya kitu kisichokuwepo. Msomaji wa bara aliyezoea taa za mji huenda akaupita mstari huo bila kujikwaa. Mvuvi wa Nungwi hawezi. Akishaona mtunzi hajui mwezi, atamwaminije katika habari za moyo?

Lipo na kosa la bahari. Washairi hupenda kuuweka mwezi mpevu utosini na kuijaza bahari chini yake kwa wakati mmoja, kwa kuwa picha hiyo hukaa vyema katika mizani. Ni kweli kwamba mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiwa gizani, maji huwa ya bamvua. Nusu mwezi huja na maji mafu. Lakini Unguja maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne. Saa sita ya usiku, mwezi ukiwa juu ya vichwa, maji ndiyo kwanza yanarudi kutoka mbali na vyombo vingali vimelala mchangani. Ajabu ni kuwa ukweli huu ni tajiri kuliko ule uongo: mwangaza umetimia, na bahari haijafika. Mtunzi wa shairi la kungoja angetaka nini zaidi?

Wafasiri nao wana fungu lao. Katika vitabu vya Ulaya mwezi mchanga husimama, pembe moja juu na nyingine chini, kwa sababu huko njia ya mwezi hushuka kwa mshazari. Huku karibu na ikweta hushuka takriban wima kulifuata jua lililotangulia, na upande wenye nuru hulielekea jua, yaani chini. Kwa hiyo mara nyingi hilali yetu hulala chali kama dau. Shairi likiwa la London, na libaki na mwezi wake wa London. Lakini mtunzi wa Pemba anayechora hilali iliyosimama juu ya Wete, ameichukua kwenye kitabu au kwenye bendera.

Sifa ya mwezi wa kumi na nne ndiyo iliyochakaa kuliko zote, na ndiyo yenye mengi yaliyoachwa. Mzunguko wa sura za mwezi ni siku 29 na nusu. Anayefikia kumi na nne ameanza kupungua usiku wa pili yake. Khofu imo ndani ya sifa yenyewe. Tungo za siku hizi huichuja khofu hiyo zikabakisha sukari, kisha watunzi wakashangaa mbona msomaji hatikisiki.

Halafu kuna mwezi unaolaumiwa kwa kumpa mtu mgongo. Tashbihi hii haisimami. Mwezi hujizungusha mara moja katika muda uleule unaoizunguka dunia, siku 27 na kitu, na ndiyo maana uso tunaouona ni mmoja daima. Binadamu hawakuuona mgongo wake hadi mwaka 1959, chombo Luna 3 cha Warusi kilipoupiga picha. Mpenzi aliyegeuka asifananishwe na mwezi. Afananishwe nao yule asiyegeuka kamwe, ambaye kwa kutogeuka kwake huficha nusu ya nafsi yake. Hilo ni shairi jingine kabisa, na gumu zaidi.

Wala upande huo uliofichika si wa giza, ingawa msemo wa namna hiyo umeanza kuingia katika tungo zetu kutoka lugha za kigeni. Jua huuangaza sawasawa na huu wa kwetu. Katika zile siku mbili tatu ambazo mwambao mzima husema mwezi umo gizani, huko nyuma ni mchana mtupu.