Makofi ya La Scala
Tarehe 20 Februari 2007, katika jumba la La Scala mjini Milano, Juan Diego Flórez wa Peru aliimba wimbo wa Tonio katika opera ya Donizetti, La fille du régiment (1840), wenye sauti tisa za kilele ziogopwazo na waimbaji. Hadhira ilishangilia hata akaurudia, jambo ambalo hakuna mwimbaji wa pekee aliyekuwa amelifanya humo tangu 1933.

Wapo wadhanio kuwa hadhira ya namna hiyo huhesabu sauti tu, maana ikawapita. Lakini Tonio anaimba kwa kuwa amekubaliwa kumwoa Marie. Maneno hayakuitosha furaha yake, ndipo sauti ikapanda. Waliomtaka arudie walikwisha kuujua muujiza. Walitamani kukaa kitambo zaidi katika furaha ya mwenzao, na huko ndiko kuufahamu wimbo.